Mlezi wa Meneja au Mlezi wa Wanachama? Uhakiki wa Mafunzo ya Biashara za Kijamii Zinazovuka Mipaka

Kila mafunzo yana upande. Anayemfundisha mtu kazi humfundisha pia, hata kama hasemi, kazi hiyo aifanye kwa faida ya nani na hesabu yake aipeleke kwa nani. Fundi cherehani aliyefunzwa dukani kwa tajiri hujifunza kukata kitambaa, na papo hapo hujifunza kwamba kitambaa si chake. Masomo hayo mawili huingia kichwani pamoja, na mara nyingi la pili hudumu kuliko la kwanza.

Katika makala hii tunakusudia kuyapima kwa kipimo hicho mafunzo ya aina moja yaliyoenea Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni, yaani mafunzo na ulezi unaotolewa kwa biashara za kijamii zilizokwisha kukomaa, na ambazo kazi zake zinavuka mipaka ya nchi. Tusemapo biashara ya kijamii tuna maana ya chombo kinachouza bidhaa au huduma kama biashara nyingine, lakini kinachosema kwamba shabaha yake ya kwanza ni kuondoa tatizo la wananchi, siyo kumtajirisha mwenye mtaji. Iliyokomaa ni ile iliyokwisha kupita miaka ya majaribio: ina wateja, ina watumishi, ina vitabu vya hesabu. Na inayovuka mipaka ni ile ambayo watu wake, mali ghafi yake au soko lake viko katika nchi zaidi ya moja.

Hoja yetu ni moja. Mafunzo haya, kama yanavyotolewa mara nyingi, humlea meneja na kumwacha mwanachama. Matokeo yake ni kwamba chombo huzidi kuwa hodari wa kujieleza mbele ya wafadhili, na huzidi kuwa bubu mbele ya watu ambao kwa jina lao kilianzishwa. Tutaonyesha kwa nini ni hivyo, historia yetu inasema nini juu ya jambo hili, na makada wafanye nini.

Ngarenaro na mpaka

Tunaandika tukiwa na Ngarenaro mbele ya macho yetu, wala si kwa bahati. Jina lenyewe ni la Kimaasai, nalo maana yake ni maji meusi. Ukivuka Namanga ukaingia Kenya utalikuta neno lile lile katika mji wa Narok, uliopewa jina la mto wake. Watu waliotoa majina hayo hawakujua mpaka. Mpaka uliletwa na wakoloni wa Kijerumani na Kiingereza, na wananchi wa pande zote mbili wakaendelea kuoana, kulisha mifugo na kufanya biashara kama walivyofanya baba zao.

Leo Ngarenaro ni mahali pa watu wanaoishi kwa kazi ya mikono: mafundi, wachuuzi, washona viatu, kina mama lishe, wauza mitumba. Si mbali na hapo liko jengo ambamo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mwezi Januari 1967 na kutoa Azimio la Arusha. Katika mji huo huo yako makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake ulitiwa sahihi hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ambayo sasa ina nchi wanachama nane. Na kilometa zaidi ya 100 kaskazini uko mpaka wa Namanga, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwezi Desemba 2018.

Kwa hiyo basi, mwananchi wa Ngarenaro yuko katikati ya mambo mawili makubwa: mtengamano wa nchi unaozungumzwa katika kumbi, na biashara ndogo inayovuka mpaka kwa basi na kwa miguu. Biashara za kijamii zinajitangaza kuwa daraja kati ya mambo hayo mawili. Ni haki yetu kuuliza daraja hilo linamvusha nani.

Fundisho linasema nini

Haifai kukosoa jambo kabla ya kulieleza kwa haki. Fundisho la ujasiriamali wa kijamii lilianza kuenea duniani baada ya mwaka 1980, wakati Mmarekani Bill Drayton alipoanzisha shirika la Ashoka ili kuwatafuta na kuwasaidia watu binafsi wenye mawazo mapya ya kuondoa matatizo ya jamii. Mwaka 2001 ulianzishwa mfuko wa Acumen, ambao badala ya kutoa sadaka huweka mtaji katika biashara za namna hiyo, na ambao umefanya kazi Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, kilianza programu ya kuwafunza viongozi wa biashara za kijamii kutoka nchi mbalimbali, na kila kiongozi akapewa walezi kutoka miongoni mwa wafanyabiashara wazoefu wa Silicon Valley.

Programu nyingi zilizofuata zimechukua sura hiyo hiyo. Anachaguliwa kiongozi wa chombo. Anafundishwa kuandika mpango wa biashara, kupanga mtiririko wa fedha, kupima matokeo, kueleza habari ya chombo chake kwa dakika chache mbele ya wenye mitaji, na kukipanua hadi nchi nyingine. Anapewa mlezi wa kuzungumza naye kila baada ya muda. Mwisho wake huonyeshwa kwa wawekezaji.

Hatutaki kuyabeza haya. Chombo kisichojua gharama zake hufa, hata kikiwa na nia njema namna gani. Tumeona vikundi vilivyouza kwa bei ndogo kuliko gharama ya kutengeneza, vikafurahia kuuza sana, kumbe vilikuwa vinakula mtaji wake. Meneja anayejua hesabu ni baraka kwa wanachama. Na mlezi anayetoa saa zake bila malipo kumwelekeza mwenzake wa nchi nyingine anafanya tendo la udugu ambalo mjamaa ye yote ataliheshimu. Hatupingi kufundisha hesabu, wala hatupingi kujifunza kwa wageni. Tunauliza darasani ameingia nani na nani amebaki nje.

Kasoro ya kwanza: aliyefundishwa ni mmoja

Fundisho lote limejengwa juu ya mtu mmoja, shujaa wa mabadiliko. Yeye ndiye anayeona, anayebuni, anayeongoza. Wananchi huonekana katika fundisho hilo kama wanufaika, yaani watu wa kupokea. Neno lenyewe, mnufaika, linatosha kutuonyesha hali ilivyo, kwa maana mnufaika hana kura. Anaweza kushukuru au kulalamika, lakini hawezi kuamua.

Tuchukue mfano unaojulikana. Shirika la One Acre Fund lilianza kazi magharibi mwa Kenya mwaka 2006, kisha likaenea Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine. Linawakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea, linawafikishia karibu na wanakoishi, na linawafundisha kilimo bora. Ni kazi kubwa yenye faida kwa wakulima wengi, na makada wanaofanya kazi vijijini wanajua tofauti ya mbolea inayofika kwa wakati na ile inayofika mvua ikiwa imekwisha kupita. Lakini mkulima katika mpango huo ni mteja mwenye mkopo. Siye mwanachama anayemchagua msimamizi. Hatusemi kwamba ameibiwa. Tunasema kwamba, siku mipango itakapobadilika, yeye ataarifiwa tu.

Sasa mtie meneja wa chombo kama hicho katika mafunzo ya miezi kadhaa. Atarudi akiwa anajua zaidi kuliko alivyojua. Mkulima atakuwa pale pale. Pengo kati ya anayejua na asiyejua limepanuka, nalo limepanuliwa na mafunzo yenyewe. Huo ndio ukinzani mkubwa wa jambo hili: msaada unaotolewa ili kuwainua wanyonge humwinua aliye juu yao, na kumweka juu zaidi.

Kasoro ya pili: kukua kumechukuliwa kuwa ni kuenea

Walezi wengi wametoka katika biashara ambazo kukua maana yake ni kuongeza wateja na kuingia nchi mpya. Wanamfundisha meneja kipimo hicho. Kwa hiyo chombo chenye vikundi katika nchi mbili huhimizwa kiingie ya tatu, na chenye nchi tatu kiingie ya tano, na kila bendera inayoongezwa kwenye ramani huhesabiwa kuwa ni ushindi.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliweka kipimo cha namna nyingine. Kwa watu waliotawaliwa na kudharauliwa, tendo huwa la maendeleo pale linapowapa uwezo zaidi wa kuamua mambo yao wenyewe. Kwa kipimo hiki chombo kinaweza kukua bila kuingia nchi mpya hata moja. Kikundi ambacho mwaka jana watu wawili tu walijua kusoma taarifa ya hesabu, na mwaka huu wanajua thelathini, kimekua. Na chombo kilichoingia nchi tano huku maamuzi yake yakihamia katika ofisi moja ya Nairobi au ng'ambo, kimenenepa tu. Kukua ni jambo jingine.

Kasoro ya tatu: mpaka umeonekana kama soko tu

Katika mafunzo hayo mpaka hutajwa kama kizuizi cha kuvukwa ili kufikia wateja wapya. Lakini mpaka wa Afrika Mashariki ni jambo la siasa, na historia yetu imetufundisha hivyo kwa gharama kubwa. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Mashirika ya pamoja ya reli, bandari, posta na ndege yakagawanywa. Taasisi ya kufundisha mameneja iliyokuwa hapa Arusha haikufa. Ilipanuliwa ikawa ESAMI, inayohudumia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika hadi leo. Makada wapime jambo hili: mafunzo ya mameneja yalinusurika, mashirika yenyewe hayakunusurika. Hatusemi kwamba mashirika hayo yalikufa kwa kukosa darasa. Yaliuawa na ugomvi wa siasa na wa kugawana faida. Tunasema kwamba ujuzi wa menejimenti peke yake hauwezi kuokoa chombo cha nchi nyingi, kama wananchi wa nchi hizo hawakioni kuwa ni chao na hawako tayari kukitetea.

Hata katika Jumuiya ya sasa mambo haya hayajakwisha. Mwezi Machi 1921 hapakuwa na Jumuiya ya kulalamikiwa. Mwezi Machi 2021 ilikuwapo, na bado Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Mwezi Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina kadhaa za biashara ndogo, na malalamiko yakatoka Kenya. Hapa hatuamui nani alikuwa na haki. Kila serikali ina wajibu kwa wananchi wake. Lakini chombo kinachovuka mpaka na ambacho uhusiano wake wote wa pande mbili umo katika kichwa na simu ya meneja mmoja, siku kama hizo hakina mtu wa kukisemea. Chombo ambacho wanachama wake wa Ngarenaro na wa Kajiado wanajuana kwa majina kina watu wa kwenda kwa diwani, kwa mbunge, kwa ofisa wa forodha, na kueleza kwa kinywa chao wenyewe amri hiyo imewagusa namna gani.

Liko pia suala la lugha. Mkataba wa Jumuiya ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na ukasema Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu. Baadaye Wakuu wa Nchi wakakubali Kiswahili nacho kiwe lugha rasmi. Hata hivyo darasa la biashara ya kijamii kwa kawaida huendeshwa kwa Kiingereza. Mafunzo ya chombo cha watu wa Ngarenaro na Kajiado yakitolewa kwa lugha ambayo watu hao hawaijui vizuri, yamekwisha kuchagua nani aelewe na nani asielewe, hata kabla mwalimu hajashika chaki.

Historia yetu ilikwisha kulisema hili

Wako wanaodhani kwamba biashara ya kijamii ni kitu kipya. Chombo cha kiuchumi kinachouza nje ya nchi kwa faida ya watu wadogo kilikuwapo chini ya Kilimanjaro tangu zamani. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU. Kahawa yake ilivuka bahari kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Baada ya Uhuru ushirika ulienea nchi nzima kwa haraka, na matatizo yakaja pamoja nao. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilitaja kasoro ambazo kila kada anapaswa kuzijua: wanachama wasiokijua chama chao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na wanasiasa. Tazama ni jambo gani lililotajwa pamoja na upungufu wa wataalamu. Ni ujinga wa wanachama juu ya chama chao. Kamati haikusema kwamba dawa ni mameneja peke yao.

Na tayari palikuwa na chombo cha kufundisha. Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho sasa ni Chuo Kikuu, kilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya watumishi. Mwaka uliofuata kilianzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika kwa ajili ya wanachama na kamati zao, kwa masomo ya posta na vikundi vya kujisomea. Mafunzo hayo mawili yalikuwa kama magurudumu mawili ya mkokoteni. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Sababu za mambo hayo zilikuwa nyingi na hapa si mahali pa kuzimaliza. Lakini tunasema hivi: pale ambapo gurudumu la watumishi lilizunguka haraka na la wanachama likakwama, mkokoteni ulizunguka mahali pamoja.

Harakati za ushirika za dunia nazo zimefika hapo hapo. Mwaka 1995, mjini Manchester, Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika lilipitisha misingi saba. Msingi wa tano ni elimu, mafunzo na habari, na katika kuwataja wanaopaswa kufundishwa unawaanza wanachama, kisha wawakilishi waliochaguliwa, kisha mameneja na watumishi. Programu nyingi za siku hizi zimeanza mwisho wa orodha hiyo, na nyingine zimeishia hapo hapo.

Mfano wa ubaoni

Nadharia isiyoweza kuandikwa ubaoni haimfai mwananchi. Tuseme basi, kwa ajili ya mfano tu, kwamba kina mama 20 wa Ngarenaro na 20 wa Kajiado wanashona mikufu ya shanga chini ya chombo kimoja. Shanga zenyewe, kama zilivyo nyingi zinazotumiwa katika kazi ya Kimaasai, zimetoka Ucheki. Wamepata oda ya mikufu 400 kutoka Ulaya kwa shilingi 25,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 10,000,000.

Mshonaji analipwa shilingi 6,000 kwa kila mkufu, jumla 2,400,000. Shanga na uzi ni 1,600,000. Usafirishaji na ushuru ni 2,000,000. Zimebaki shilingi 4,000,000. Katika hizo, mishahara na kodi ya ofisi ni 2,500,000, safari za mafunzo na mikutano ya wafadhili ni 1,000,000, na akiba ni 500,000.

Meneja aliyefundishwa vizuri ataandika taarifa kwamba wanawake 40 wa nchi mbili wamepata kipato, na itakuwa kweli. Kila mmoja ameshona mikufu 10 na kupata shilingi 60,000. Mlezi atamsifu kwa sababu chombo hakikupata hasara.

Lakini mwanachama aliyefundishwa atauliza maswali mengine. Mkufu mmoja unachukua siku mbili. Basi siku 20 za kazi zimenipa shilingi 60,000, yaani shilingi 3,000 kwa siku. Je, hiyo ndiyo bei ya mkono wangu? Safari za mafunzo zimechukua mara mbili ya akiba. Nani aliziidhinisha? Kama akiba ingekuwa kubwa zaidi, tungenunua shanga kwa jumla na kupunguza gharama? Huenda meneja ana majibu mazuri. Huenda safari hizo ndizo zilizoleta oda. Hatusemi kwamba meneja ni mwizi. Tunasema kwamba bila mwanachama kuweza kuuliza, hata meneja mwaminifu hana wa kumthibitishia uaminifu wake, na asiye mwaminifu hana wa kumwogopa.

Mpaka nao ni somo. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na ulio katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani. Mwanachama asiyejua hili humlipa dalali au hupita njia za panya, akapoteza mali na heshima. Anayejua nusu yake hudhani kwamba cheti kinamwondolea kodi zote, kumbe kodi nyingine na ukaguzi wa afya na ubora vinabaki. Na liko swali gumu kwa wenye shanga: mali ghafi imetoka nje ya Jumuiya, je, kazi ya mikono inatosha kuufanya mkufu uwe bidhaa ya Jumuiya? Hilo ni swali zuri kwa darasa la kina mama 40. Likibaki kwa meneja peke yake, ni siri ya ofisi.

Pingamizi linalostahili kujibiwa

Wako wenzetu watakaosema: nyinyi mnaota. Kufundisha mameneja 10 ni rahisi. Kufundisha wanachama 10,000 katika nchi mbili ni ghali na hakuna mfadhili atakayelipa. Tena vyama vyenye kura ndivyo vilivyofilisika, na mashirika yasiyo na kura ndiyo yanayofikisha mbolea.

Sehemu ya pingamizi hili ina nguvu. Kura haiwi mbolea. Chama ambacho kila mwanachama anapiga kura lakini malipo ya mazao hayaji, hakimkomboi mtu. Wakulima wengi wameiona hali hiyo, wakachoka, na wamechagua kuwa wateja wa shirika linalotimiza ahadi kuliko wanachama wa chama kisichotimiza. Kada asiyetambua uchungu huo hataeleweka kijijini.

Lakini pingamizi linakosea mahali pawili. Kwanza, linaweka ufanisi upande mmoja na mamlaka ya wanachama upande wa pili, kama kwamba lazima kuchagua. Uchunguzi wa mwaka 1966 unaonyesha kinyume: ujinga wa wanachama na udhaifu wa watumishi vilikuwa pamoja, kila kimoja kikikilea kingine. Pili, linadhani kwamba elimu ya wengi haiwezekani kwa gharama ndogo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Watu walisikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Kama nchi maskini iliweza hivyo kwa redio za betri, sasa ambapo simu ziko mikononi mwa watu na redio za jamii ziko karibu, hatuwezi kuambiwa kwamba somo la kusoma hesabu za kikundi haliwezekani.

Kazi iliyo mbele yetu

Neno mlezi si geni kwa makada. Katika Chama mlezi hupelekwa mahali kuimarisha wanachama na vikao vyao, siyo kumpamba katibu. Tunataka maana hiyo itumike hapa pia. Kwa makada walio katika maeneo kama Ngarenaro, na kwa wanafunzi watakaoajiriwa katika vyombo hivi, tunapendekeza mambo yafuatayo.

Moja, programu ya mafunzo ikifika katani kwenu, ulizeni kwanza wangapi watakaofundishwa si mameneja. Kama jibu ni hakuna, ombeni kwamba kila somo alilopewa meneja alirudishe kwa wanachama kwa Kiswahili, ubaoni, katika mkutano wenye muhtasari.

Mbili, kila kikundi kiwe na wanachama wasiopungua watano, wasio viongozi, wanaoweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi na kuieleza kwa wenzao. Hao ndio walezi wa kudumu. Mlezi wa ng'ambo ataondoka programu itakapokwisha, hao watabaki.

Tatu, vyombo vinavyovuka mpaka viwakutanishe wanachama wa pande zote mbili. Nauli ya kina mama watano kwenda Kajiado na watano kuja Arusha si kubwa kuliko safari moja ya meneja kwenda ng'ambo, na faida yake siku mpaka utakapoleta matatizo ni kubwa zaidi.

Nne, vyuo vyetu vya ushirika na vya siasa viandike mtaala mfupi wa kazi hii, wenye somo la hesabu, somo la taratibu za mpakani na somo la haki za mwanachama. Tusingoje uandikwe California kisha tulalamike kwamba haukutufaa.

Wageni wanaotoa mafunzo tuwakaribishe, na ujuzi wao tuuchukue wote. Lakini kazi ya kumfikisha mwanachama darasani ni yetu, kwa sababu hakuna mlezi kutoka nje atakayeifanya kama sisi wenyewe tunaridhika kumwona meneja peke yake amekaa mbele. Siku mwanamke wa Ngarenaro atakapoisimamisha taarifa ya hesabu katikati na kusema, rudieni mstari huo, hapo ndipo tutajua kwamba mafunzo yamefika.